Kitufe Chenye Plasta

Kitufe cha sita cha mashine ya gemu dukani kwa Bibi Kikue, upande wa jiko, kilikuwa maiti. Kiangazi kilichopita mtu alikimwagia barafu ya sharubati, sukari ikaingia ndani, kikaganda. Bibi akakibandika plasta ya kidole ili watu wasikibonyeze bure, mambo yakaishia hapo.

"Bibi, si kitengenezwe?" tulimwambia.

"Mkono una vidole vingapi?"

"Vitano."

"Basi. Cha sita cha nini?"

Ukweli ni kwamba alikuwa amegombana na mwenye mashine, aliyemkodisha na kumtengenezea. Yule bwana alirudisha lori lake nyuma akavunja vyungu vyake vya maua, halafu akacheka. Bibi akaapa hatamwita tena mpaka aje mwenyewe kuinamisha kichwa. Hakuja. Wote wawili walikuwa watu wa Osaka, kwa hiyo wangeweza kusubiriana mpaka kaburini.

Gemu lenyewe lilikuwa la kupigana, kabati mbili zimepeana migongo. Ukikaa huku, adui yako yuko kule. Uso wake huuoni, unasikia tu vitufe vyake. Anayeshinda anabaki kitini, anayeshindwa anaamka na mwingine anatia sarafu.

Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na mbili, mtaa wa Fuse. Sisi vijana wa karakana za skrubu tulitoka kazini vidole vimekufa ganzi, na kila mmoja alitaka upande wa jiko la mafuta lililopasha duka joto. Ndiyo maana nilijifunza kupigana kwa vitufe vitano. Nilimchezesha mzimamoto wa kale, mwenye ndoana ndefu na kofia nzito ya pamba. Kile kitufe kilichokufa kilikuwa teke lake zito, lile linalofika mbali. Nikaishi bila hilo teke, na bado niliwachapa wote mtaani.

Halafu akaja Urushibara.

Alitoka Sakai, mji wa jirani, mchuuzi wa soko la samaki, mrefu, nywele amezifunga nyuma, viatu vya mpira miguuni hata siku ya mapumziko. Kila Jumamosi alifika kabla yetu na kukaa upande wa mlangoni. Baridi haimsumbui mtu anayeshinda na barafu. Alimchezesha mwanamke mzamiaji mwenye wavu, na siku ya kwanza nilimbana vizuri tu, mpaka rafiki yake mnene alipokuja kusimama nyuma yangu na kuchungulia mikono yangu. Kwetu hiyo ni tabia mbaya. Yeye alifanya bila haya.

"Kaka!" akapaza sauti. "Huyu hana teke zito! Kitufe kina plasta!"

Kicheko kikatoka upande wa pili wa kabati. Tangu dakika ile Urushibara alijua mahali pa kusimama. Alirudi nyuma mpaka pale mguu wangu wa kawaida usipofika, akanirushia wavu. Nikisogea, anarudi tena. Kutoka pale ni teke zito tu lingemfikia, nami sikuwa nalo.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulicheza kwetu tukachapwa. Jumamosi nne mfululizo alikaa kwenye kile kiti toka asubuhi mpaka Bibi anafunga, na kila sarafu yetu ilikuwa ya kwenda kupigwa. Wenzangu wakaanza kupungua. Hamajima, aliyekuwa akipeleka bakuli za tambi kwa baiskeli, aliniambia hatakuja tena.

"Nitakaa nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

"Baba," alisema, na sikuuliza zaidi.

Mimi nililala juu ya karakana, chumba kimoja na wanaume watatu wanaokoroma. Zaidi ya hapo nilikuwa na kiti kimoja duniani, kile cha karibu na jiko la Bibi Kikue. Kwa hiyo Urushibara alipoinuka na kuchomoza kichwa juu ya kabati, nilikuwa tayari kusikia lolote.

"We wa jikoni! Nimechoka kupiga watoto. Jumapili ya wiki ijayo, mechi moja. Nikikupiga, viti vyote viwili ni vya watu wa Sakai, nyinyi mtasimama mtazame. Ukinipiga, hamtaniona tena."

"Nani akae kwenye duka langu ninasema mimi," Bibi alidakia kutoka mbele, alipokuwa akigeuza vitumbua vya pweza.

"Sema basi, Bibi."

Akanitazama. "Toku?"

"Tucheze," nikasema.

Hamajima alinivuta nje. "Una wazimu? Omba basi upande wa mlangoni!"

"Kule mzimamoto anaanzia kushoto. Kila kitu kimegeuka. Nitakuwa kama mtu anayekula kwa mkono wa msalani."

"Kwa hiyo utamfanyaje?"

"Sijui."

Kweli sikujua. Wiki nzima nilikata skrubu huku nikiwaza umbali ule mmoja, ule ambao mguu wangu haufiki.

Jumapili duka lilijaa mpaka barabarani. Hata fundi wetu mkuu alikuja, mtu aliyeamini magemu yanaozesha ubongo. Bibi aliniita mbele. Alikuwa ameweka sarafu yangu juu ya jiko la vitumbua ipate joto, akanitilia mkononi na kuukunja mkono wangu. Nikaona kuwa nyuma yake, mlangoni, kuna vyungu vipya vya maua.

"Ile plasta," alininong'oneza. "Kidonda kimepona."

"Ulimwita?"

"Nilikwenda mwenyewe. Nikamwinamia yule mpumbavu wa lori, mara mbili, mbele ya mkewe. Usinitie aibu ya tatu. Plasta iache palepale."

Nilirudi kitini. Yule mnene alikuwa tayari nyuma yangu, akitafuna ngisi mkavu.

"Vipi Toku, plasta bado inauma?"

"Pua yako ndiyo itauma ukinipumulia."

Sauti ya Urushibara ikaja kutoka ng'ambo. "Wa jikoni! Umekula?"

"Nimekula. Nimebakiza nafasi ya samaki."

Watu wakacheka, sarafu ikaanguka, tukaanza.

Raundi ya kwanza alinichapa. Alirudi mahali pake na kusimama wazi kabisa, kama mtu anayesubiri basi. Nikakiambia kidole kibonyeze plasta. Kidole kikakataa. Kwa miezi yote ile nilikifundisha kwamba pale hapana kitu, na kidole si mtu kwamba utakaa naye umweleze habari mpya. Wavu ukanifunika, mzimamoto akalala.

"Raundi moja bado," yule mnene akatangaza. "Anzeni kuzoea kusimama!"

Raundi ya pili niliacha ujanja. Nilimkimbilia Urushibara kabla hajarudi nyuma, nikamsukuma mpaka kwenye kona, nikamkalia hapo kwa ngumi ndogondogo, mbaya kutazama, kama mwanamke anayekung'uta godoro. Nikashinda, uhai wangu ukiwa umebaki kama uzi.

Raundi ya tatu hakunipa nafasi ya kumkimbilia. Alikuwa mchezaji kwelikweli, siwezi kumnyima hilo. Wavu mara ya kwanza. Wavu mara ya pili. Mstari wangu ukawa mwekundu. Nikasikia kwamba kijiti cha Bibi kwenye chuma cha vitumbua kimesimama.

Urushibara akarudi nyuma. Hatua moja, nyingine, mpaka pale. Mkono wa mzamiaji ukaanza kunyanyuka na wavu.

"Toku!" Bibi alipiga kelele, hata hakugeuka. "Vidole vingapi?"

"Sita, Bibi!"

Nikapiga plasta.

Mzimamoto aliruka kwa miguu yote miwili. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Teke lilipita chini ya wavu likamkuta mzamiaji kifuani, akaruka nusu ya skrini. Yule mnene akapaliwa na ngisi.

"Kaka! Kaka, ana teke!"

Lakini mwili una mazoea yake. Urushibara alimwinua mzamiaji, na mikono yake mwenyewe ikamrudisha palepale, mahali palipompa ushindi kwa Jumamosi nne. Nikampiga tena. Akaruka pembeni, akatua, akarudi palepale. Nikampiga la tatu, na mstari wake ukaisha.

Sikumbuki nani alininyanyua. Nakumbuka dari, mikono ya Hamajima kwenye mbavu zangu, fundi mkuu akimpiga mtu asiyemjua mgongoni na kusema, "Yule ni wangu! Anakata skrubu kwangu!" Mtu alikanyaga kitumbua cha pweza akateleza na kuanguka, na bado alikuwa akishangilia pale chini.

Waliponishusha, Urushibara alikuwa amezunguka kabati. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama uso kwa uso. Alikuwa na makovu ya magamba na visu mikononi, na macho mekundu ya mtu anayeamka saa tisa usiku. Akanyoosha kidole, akakibonyeza kitufe juu ya plasta. Kikaitika tik.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Nami nilisimama pale kama chambo." Akatikisa kichwa. Kisha akaviweka viatu vyake vya mpira pamoja, akainama mbele ya Bibi, na nikiri kwamba aliinama vizuri. "Ahadi ni ahadi. Asante kwa joto, Bibi."

"Hukuwahi kukaa karibu na jiko," Bibi akamjibu. Akamfungia vitumbua kwenye karatasi, akamsukuma nje yeye na rafiki yake. Hatukuwaona tena.

Nilipokaa kitini niligundua ncha ya kidole changu imechubuka, inavuja damu. Bibi akaona. Akabandua plasta kwenye kitufe, ile ile yenye vumbi la miezi, akaizungushia kidole changu.

"Bibi, hii ni chafu!"

"Na wewe je?" Akageukia watu, na kijiti chake mkononi. Pale upande wa mlangoni Hamajima alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha baridi, na nyuma yake foleni ilifika mpaka kwenye vyungu vipya. "Haya, fungeni mlango, joto linatoka. Nani mwingine anataka kupigwa na Toku?"

Walijibu wote kwa pamoja.