Mistari Miwili ya Niyonkuru

Niyonkuru alikuwa anachemka na kulia mgongoni mwa mama yake, na foleni ya zahanati haikusogea. Mama huyo, Immakulata, alikuwa ametoka shambani, nje kidogo ya Makere, kungali giza. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Msimu uliopita mtoto wa dada yake alirudishwa nyumbani kutoka benchi hilihili na panadol, eti hana malaria, wakamzika Jumapili.

Leo kulikuwa na mgeni, Khatibu, mtafiti kutoka Dar, aliyeleta kipimo kipya cha bei rahisi chenye macho makali kuliko kile cha zamani. Stanislaus, tabibu wa zahanati, alimdunga mtoto kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha zamani na jingine kwenye kipya. Wakangoja.

Cha zamani kilitoa mstari mmoja. Kipya kilitoa miwili, wa pili hafifu lakini upo. Khatibu alifurahi, akakipiga picha kwa simu. Immakulata naye alifurahi, masikini. Kila mama wa huko anajua mistari miwili ni malaria, na malaria ina dawa. Akakinga mikono. Stanislaus akamwekea panadol na kipande cha sabuni, asante ya utafiti.

"Si mmeuona ugonjwa, muganga?"

"Mama Niyonkuru, mimi natibu kwa cha zamani. Hicho kipya bado hakijaidhinishwa. Nikitoa dawa kwa hicho, mkaguzi akija natumbuliwa, kazi sina."

Na dawa ya mseto, ile ya malaria, ilikuwa hapo hapo nyuma yake, kabati limejaa. Wamelitengeneza jicho lione, halafu wamekataa kuliamini.

Khatibu alikunja uso. Picha ilikuwa na ukungu, na muda wa kukisoma kipimo ulikuwa umeshapita. Akaomba kwa upole mtoto adungwe tena, kidogo tu.

Immakulata alikifumbata kiganja cha mwanawe. "Damu mmechukua, mgonjwa mmemwona. Mpeni dawa, ndipo mpate tone jingine."

Stanislaus alifunga kabati kwa ufunguo bila kumtazama. Immakulata akaiacha sabuni mezani, akakichukua kile kipimo kipya, akatoka nacho barazani na kuwaonyesha kina mama waliosubiri.

"Mistari miwili," akasema. "Nimepewa panadol."

Mama wa mbele alikitazama, akaufunika mkono wa mwanawe kwa kitenge. Aliyefuata akafanya vilevile. Khatibu aliita jina, akaliita tena, na hakuna aliyenyanyuka.

Immakulata alikuwa keshashika njia ya Kasulu kutafuta duka la dawa. Mgongoni Niyonkuru alikuwa ameacha kulia.