Paa ya Amplifaya ya Des

Basi, Des Pukallus siku hiyo kiti kilimkataa. Anakaa, anainuka. Anachungulia dirishani kama gari la binti yake Tamsin limeingia, anarudi. Pai yake ya nyama imepoa pale bandani, nzi wameshajikaribisha, yeye hana habari.

Kilichomnyima raha ni amplifaya ya gita. Kaiunda mwenyewe kwa valvu za zamani, zile taa za kioo, miezi minne nzima, na ilikuwa inaimba, sikwambii. Ina hatua mbili za kukuza sauti. Ya kwanza inatoa sauti safi. Ukikanyaga swichi ya mguu, ya pili inaingia, gita linaanza kukwaruza na kunguruma. Tatizo ni pale pa kuvuka. Ukikanyaga tu: PAA! Kama mtu kapiga bati kwa nyundo.

Mwaka jana ilimfanyia hivyo Tamsin kwenye klabu ya bolingi hapa mjini Whyalla, Australia, katikati ya wimbo wa taratibu. Bibi mmoja akamwaga bia yake yote. Watu walicheka. Tamsin naye akacheka, lakini Des aliyaona masikio yake yalivyoiva. Mzazi unaona tu. Na mtoto mwenyewe anakuja mara moja kwa mwaka, kutoka Melbourne huko.

Safari hii anapiga tena pale pale klabuni, na kamwambia mapema: "Baba, mwisho saa nane. Ikipiga paa, nachukua ile ya dukani."

Sasa saa saba na robo. Des kabadilisha valvu, kabadilisha rilei, ile swichi ya sumaku. Mkono mmoja mfukoni, maana umeme wa mle ndani unaua, mwingine unagongagonga waya kwa kile kijiti cha kulia cha mgahawa wa Wachina. Akakanyaga swichi. PAA!

"Nimeisikia mpaka barabarani!" Tamsin kaingia. "Vipi mzee, mgonjwa hajapona?"

"Usinianze, mwanangu."

"Haya, nieleze kama mimi mjinga."

"Hatua ya pili isipotumika, naikata. Kabisa! Miaka thelathini na moja nimetengeneza taa za reli mimi. Saketi ukiikata, unaikata, hakibaki hata kiuzi. Ukizembea, treni zinakutana."

"Na hii kapasita inayotunza umeme, ukishaikata, mguu wake huu unashika nini?"

"Haushiki kitu. Uko hewani."

"Na umeme ukivujia humo, unatoka kupitia wapi?"

Des akaitazama ile kapasita. Akakaa, akatulia kitini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hautoki," akasema. "Unajaa pole pole. Halafu mimi nakuja nakanyaga, unamwagika wote kwa pamoja."

"Baba, humu ndani hamna treni."

"Nyamaza, nishikie tochi."

Akachomoa plagi, akaumaliza umeme uliobaki ndani, akatafuta rizista, ile ya kupitisha umeme tone kwa tone, aulehemu ule mguu uguse daima ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Kitu kidogo, lakini moyo ulimkataa. Kuacha saketi imeshikwashikwa hivi! Kazini wangemfukuza. Akalehemu hivyo hivyo huku anaguna, risasi ya kulehemu ikadondokea kiatuni.

"Ndiyo maana mama alikufichia viatu vizuri," Tamsin akasema.

Des akachomeka plagi, valvu zikapata moto. Tamsin akakanyaga. Tik. Basi. Akakanyaga tena. Tik.

"Hapa inajidai," Des akasema. "Ikichemka saa nzima je? Chukua ya dukani tu."

Tamsin akachomoa plagi. Akaibeba mwenyewe hiyo hiyo ya baba yake mpaka garini, nzito vile.

Saa kumi klabu imejaa. Yule bibi wa mwaka jana kaifunika bia yake kwa kiganja, na macho kayakaza kwa Des. Des kasimama mlangoni, anahesabu nyimbo. Ukaja ule wa taratibu. Mguu wa Tamsin ukainuka. Des akafumba macho.

Gita likavuka. Safi, halafu likanguruma, katikati hamna kitu.

Alipofumbua, Tamsin alikuwa anamtazama, na mguu unakanyaga tena, na tena, huku na huku, mahali ambapo wimbo hauhitaji kabisa. Anaharibu wimbo makusudi, mtoto yule.

Bibi akautoa mkono juu ya bia yake. Des akavuta kiti, akakaa.