Stakabadhi ya Bure

Asubuhi ile Mama Chapa aliiwasha laptopu yake, ikawaka hata hajamaliza kufuta vumbi mezani, akacheka peke yake. Zamani alikuwa akiiwasha anafagia, anakunywa chai, anamsengenya jirani, na mashine bado inajivutavuta. Ikishaamka, inamtolea onyo mbele ya wateja kwamba programu yake si halali. Aibu tupu.

Aliyemwondolea aibu hiyo ni mtoto wa kaka yake, binti anayesomea mambo hayo chuoni. Alikuja Jumapili na flashi, akafuta kila kitu, akaweka mfumo mwingine kabisa, wa bure. Akamweleza kwamba kuna watu huko duniani wanautengeneza kwa pamoja, kisha wanauachia wazi, kila mtu autumie na hata augawe apendavyo.

"Sasa hao watu wanakula nini?" shangazi aliuliza.

Mpaka leo hajajibiwa vizuri, lakini kazi inakwenda. Barua za kuomba kazi, mikataba ya vyumba, malalamiko ya kila namna, vyote anavichapa pale kibarazani, katikati ya kinyozi na dada wa picha za pasipoti. Mafundi walishamwambia hiyo mashine aitupe. Aitupe ale nini? Hana nyingine.

Kabla ya mchana akaja mkaguzi, shati limenyooka, fomu kwapani. Habari zilikuwa zimeshafika kwamba anapita kukamata programu za wizi, na kweli alianzia kwa dada wa picha. Masikini dada wa watu, aliwekewa programu na fundi yuleyule aliyewawekea mtaa mzima, atatoa wapi stakabadhi? Kompyuta yake ikabebwa ikapakiwa garini. Alibaki amesimama na kipanya mkononi.

Zamu ya Mama Chapa ilipofika, aliigeuza laptopu mwenyewe, bila wasiwasi. Mkaguzi aliutazama ule mfumo asiutambue.

"Stakabadhi yake iko wapi?"

"Haipo, mkuu. Huu ni wa bure, na wenyewe wameruhusu."

Mkaguzi akamwonyesha fomu. Kulikuwa na nafasi ya namba ya stakabadhi, na nafasi ya kompyuta iliyochukuliwa. Bure haikuwekewa nafasi. Akasema, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomuudhi Mama Chapa, kwamba yeye binafsi hana ugomvi naye, ila fomu haiwezi kurudi ofisini na pengo. Ataichukua mashine mpaka stakabadhi ipatikane. Akaweka mkono juu ya kifuniko.

Mama Chapa aliutazama ule mkono. Akilini aliiona meza yake tupu, na watoto wakimtazama jioni. Akajikaza, akauliza hiyo stakabadhi inatakiwa iwe na nini. Akajibiwa: namba, tarehe, kiasi, sahihi na muhuri.

"Basi toa mkono, mkuu, nifanye kazi."

Akachapa. Stakabadhi namba moja. Kiasi kilicholipwa: sifuri. Kwa maneno: sifuri tu. Kwa ajili ya: mfumo wa kompyuta. Akaitoa kwenye printa, akatia sahihi yake kama mlipaji. Hapakuwa na uongo hata chembe. Muhuri aliuleta kinyozi, aliyemwacha mteja na nusu ya ndevu ili asikose kuona. Ulikuwa wake wa dukani, umeandikwa IMELIPWA, akaugandamiza mpaka meza ikatikisika.

Mkaguzi akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena. Kisha akajaza namba kwenye fomu, uso umemkunjuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaomba na nakala ya kuweka kwenye faili.

Printa ikaitema. Mama Chapa akaishikilia kidogo kabla ya kumpa.

"Kuchapa na nakala unanilipa, mkuu. Karatasi nanunua."

Kinyozi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mkaguzi aliingiza mkono mfukoni, akalipa, akaondoka. Gari nalo likaondoka na kompyuta ya dada wa picha.

Mama Chapa akamvutia jirani yake kiti. Akaanza kumwandikia barua ya kuomba arudishiwe chombo chake, na alipomwona anafungua pochi, akamzuia. Ikirudi tu, akamwambia, mtoto wa kaka atapitia na ile flashi.

"Mfumo hulipii kitu," alisema, huku vidole vikikimbia. "Stakabadhi ndiyo utainunua kwangu."