Chupa ya Shahidi

Wivu ulimshika Dancan Okelo siku ileile Quinter aliposhuka kwenye ndege na masanduku mawili ya chupa tupu. Chupa, jamani! Miaka kumi na moja yeye anahesabu samaki wa mto huu wa Nile hapa Juba kwa nyavu, anawajua kwa kuwapapasa mapezi tu, halafu leo binti wa juzijuzi kutoka Kisumu aje na chupa?

"Samaki akipita, mzee, anaacha ute na vipande vya ngozi majini," Quinter alimweleza kwa heshima zote. "Humo mna vinasaba vyake. Tunachota maji, tunayachuja, maabara inatuambia nani alipita."

"Bila kumwona?"

"Bila kumwona."

Dancan akacheka kwa pua. Lakini Cyril, bosi wao, hakucheka. Cyril huyo ambaye hajawahi kulowesha hata kiatu, sasa kila asubuhi yuko ukingoni: "Quinter, hebu nionyeshe tena!" Akatangaza kabisa kwamba baada ya kazi hii ataamua nani aongoze safari ya utafiti mpaka mji wa Bor. Eti ataamua! Safari hiyo Dancan alishaiona yake, hata viatu vya matope alishanunua.

Na kulikuwa na habari ya kamongo. Miaka sita nyuma, kwenye matete karibu na daraja pale mtaa wa Sherikat, Dancan alimwona kamongo, yule samaki mwenye mapafu, akiinua kichwa kuvuta pumzi. Nyavu hazikumnasa hata siku moja. Ofisi nzima ikamcheka, ikambandika jina la Baba Kamongo, na jina likaganda.

Quinter alikuwa na masharti kuliko mama mkwe. Glovu kila saa. Siku ya kuchota, marufuku kula samaki. Na kazi ikiisha, alichuja chupa moja ya maji safi aliyokuja nayo, maji yasiyojua mto. Aliiita chupa ya shahidi.

"Shahidi akionyesha samaki yeyote, ujue uchafu ni wetu," alisema. "Samaki huyo tunamfuta kwenye orodha yote."

Siku ya kuchota Sherikat, saa saba mchana, Dancan aliingia makusudi kwenye kibanda cha Ritah, Mganda mwenye mkono mzuri wa kupika.

"Mzee, leo iko kamongo! Imetoka Bor," Ritah alisema.

"Lete." Akala na ugali, akalamba vidole, akanawa kwa kupitisha maji tu.

Aliporudi, Quinter alikuwa ameshachuja na kufunga maji yote ya mto. Ilibaki chupa ya shahidi. Simu ikalia, alikuwa Cyril, na binti akasogea pembeni akicheka. Anacheka nini? Roho ikamchoma Dancan. Akafungua ile chupa, akachovya vidole vitatu bado vinanukia mchuzi, akafunga. Quinter akarudi, akaichuja bila kujua lolote.

Majibu yalifika baada ya wiki sita. Dancan alimkuta Quinter peke yake ofisini, macho mekundu.

"Kamongo wako yupo, mzee. Chupa zote za kwenye matete zimemwonyesha." Dancan akavuta kiti, akaketi. "Lakini hata shahidi amemwonyesha. Sijui nilikosea wapi. Nimeshamwambia Cyril kosa ni langu, kwa hiyo Bor utaongoza wewe."

Akamgeuzia kompyuta. Kwenye ripoti alikuwa ameandika: *Kamongo, kama alivyoshuhudia Dancan Okelo miaka sita iliyopita.* Kidole cha binti kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta.

Alichokitaka kilikuwa mkononi. Angenyamaza tu, basi.

"Usifute," akasema.

"Shahidi amekataa, mzee."

"Shahidi nilimchafua mimi. Kwa vidole hivi. Nilikuwa nimekula kamongo kwa Ritah. Chupa za mto ulikuwa umeshafunga, sikuzigusa, haki ya Mungu."

Quinter akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Kwa nini?"

"Wivu, mama. Wivu tu."

"Nani ataamini neno lako sasa?" akasema. "Itabidi nichote upya, na mto umeshajaa, matete yote yamezama. Labda mwakani."

Akabonyeza. Kamongo akatoka kwenye ripoti, na maneno yote yaliyomfuata yakatoka naye. Kisha akashuka chini kabisa, mahali pa kueleza sampuli zilizoharibika na sababu yake, akaandika polepole, akamgeuzia tena kompyuta.

"Soma, mzee. Nimeandika sawasawa?"

Dancan akasoma. Jina lake lilikuwa pale, mara moja tu katika ripoti nzima.

"Sawasawa," akasema.