Mguu wa R

Babu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji tangu ujana mpaka macho yalipomwishia. Herufi zake zilikuwa za madini ya risasi, za mtindo wa zamani wenye vijiguu kwenye ncha. Aliyezibuni alikufa kabla hata baba yake Babu hajazaliwa. Kiwanda kilipofungwa, zote ziliyeyushwa.

Mjukuu wake wa kike alitaka kuzifufua. Alizichora upya kwenye kompyuta kutoka kwenye vitabu vikuukuu, lakini wino hunenepesha herufi. Unene wake wa kweli ulibaki kwenye vidole vya Babu, na Babu alikuwa anaondoka. Daktari hakuwaficha.

Jirani yao seremala akamchongea chache za mbao, zilizoinuka, akazipiga msasa taratibu zisimchome mzee.

“Babu, shika. Hii ni R.”

Babu akaipapasa, uso ukamshuka. “Siyo.”

“Nyembamba mno?”

“Siijui kabisa, mke wangu,” alisema, maana ndivyo alivyozoea kumtania. Akapapasa nyingine. “Hata hizi sizijui. Kumbe vidole navyo vimeniaga. Nilidhani vitaningoja.”

Akageukia ukutani. Jioni hiyo alikataa uji.

Asubuhi mjukuu alikuja kumnawisha, akakuta ngumi imefumbwa. Ile R aliyoikana alikuwa amelala nayo. Alipomfungua kiganja aliona alama yake kwenye ngozi, imegeuka kinyume, na hapo akaelewa. Herufi za risasi hukaa kinyume ili karatasi izipokee sawa. Maisha yake yote Babu hakuwahi kushika R iliyotazama mbele.

Alikimbia kwa seremala. Yule bwana akaacha kitanda cha mteja nusunusu, akachonga R nyingine, kinyume.

Mjukuu aliporudi, Babu alikuwa anapumua kwa kuvutavuta. Akamwekea R mkononi. Kidole gumba kikateremka polepole, kikasimama.

“Huyu,” Babu alinong'ona. “Alikuwa wapi huyu?”

“Yuko sawa, Babu?”

“Mguu. Mnene kidogo. Mpunguze.”

“Nampunguza. Na tumbo lake je?”

Kidole hakikupanda tena.

Baada ya maziko mjukuu aliupunguza mguu wa R. Herufi nyingine zote akazipima kwa mguu huo mmoja, na hakuna aliyebaki wa kumwambia kama alipatia.