Kitanda cha Royce

Tela dogo la kulala mawindoni nililijenga mwenyewe gerejini kwangu, hapa Montana, kwa mbao na mabati. Niliweka vitanda viwili vyembamba. Cha kushoto changu, cha kulia cha kaka yangu Royce, maana tumewinda pamoja tangu ujana.

Mwezi wa Agosti Royce akaja kulitazama. Saratani ilikuwa imemmaliza. Suruali aliifunga kwa kamba. Akajilaza kwenye kitanda chake, akainuka, akatoa futi mfukoni, akakipima.

"Mdogo wangu, king'oe hiki. Weka sanduku la nyama. Paja la kulungu litaenea hapa."

"Nyamaza. Novemba utalala hapo unikoromee kama kawaida yako."

"Na nyama utaiweka wapi, kifuani? Dubu wamejaa kule."

"Nimesema nyamaza, Royce."

Akacheka, akakohoa, akaomba bia. Kitanda sikukigusa. Nilikitandika hata blanketi lake jekundu.

Tulimzika Oktoba. Novemba nikapanda mlimani peke yangu, nikaua kulungu dume mkubwa, nikabeba nyama kidogo kidogo hadi kwenye tela. Mvua ilikuwa ikinyesha badala ya theluji, kwa hiyo dubu hawakuwa wamelala usingizi wao wa baridi, na kando ya magurudumu nyayo za dubu zilikuwa mbichi. Kuitundika nyama mtini kungekuwa kumwita. Nikasimama mlangoni nikimtukana Royce kwa sauti. Kisha nikakunja blanketi lake, nikatandaza turubai, nikalaza paja kitandani.

Lilienea.