Vigezo Saba vya Supa

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, fundi viti aliyeitwa Sindano alikuwa amelala ubavu ndani ya gari jekundu, akimalizia mshono wa mwisho chini ya kiti cha dereva, mlango ulipojifunga. Hakuna aliyeubamiza. Ulishuka taratibu, ukakaa mahali pake, na ule ufa unaotenganisha mlango na bodi ukafutika. Sindano alikata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye ukosi wa shati, akatafuta kitasa. Palipokuwa na kitasa sasa palikuwa na ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa mishono midogo midogo, imara, na aliitambua kuwa ni ya mkono wake mwenyewe.

Akapiga honi mara mbili. Meneja wa duka la magari alitoka ofisini na kikombe cha chai, akajaribu ufunguo, akajaribu ufunguo wa akiba, kisha akainama kwenye dirisha, lililokuwa limebaki wazi kwa upana wa vidole vitatu.

"Umejifungia?"

"Limenifungia, bosi."

"Viti umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Afadhali," meneja alisema, akanywa chai yake.

Gari likimfungia mtu, kila gereji inajua la kufanya. Unaleta grinda, unakata mlango, mtu anatoka, mlango unaungwa na kupigwa rangi. Ni kazi ya nusu saa. Fundi bodi alikuwa ameshachomeka grinda kwenye umeme meneja alipomwinulia mkono. Gari la kawaida linakatwa, meneja alisema, lakini supa, gari la fahari la mbio, haikatwi. Supa inafunguliwa na fundi wa kiwandani peke yake, na huyo huja kwa zamu, na zamu ya duka lile ilikuwa baada ya miaka kumi na mmoja.

"Kwani hii ni supa?" fundi bodi aliuliza.

Meneja alikuna kidevu. Hakuwa na hakika. Lilikuwa jekundu na lilikuwa na kelele, lakini pia lilikuwa na kiti cha nyuma na kishimo cha kusimamishia mwavuli. Ikabidi amwandikie barua mkaguzi wa magari, aje aamue.

Mke wa Sindano alifika mchana, moja kwa moja kutoka hospitalini, ambako kazi yake ilikuwa kufua mashuka. Alikuwa mwanamke wa mikono yenye nguvu na maneno machache. Alisikiliza habari yote, akaitazama grinda iliyolala pale sakafuni, akaiinua mwenyewe.

"Weka chini, mama watoto," Sindano alimwambia kupitia upenyo wa dirisha. "Ukikosea kidogo tu utachana kiti. Siku tisa nimekishona hiki."

"Nikuache humo kwa sababu ya kiti?"

"Mkaguzi anakuja. Ataona mwenyewe kwamba ni gari la kawaida. Jikaze."

Aliiweka chini grinda, na baadaye alijuta kuliko alivyowahi kujutia jambo lolote.

Wiki nne zikapita. Kila siku baada ya kazi mkewe alimletea chochote kinachopita kwenye upenyo wa vidole vitatu: vipande vya mkate, embe lililokatwa vipande vyembamba, chai aliyoivuta kwa mrija. Haja nyingine za mwili ziliacha kumsumbua tangu siku ya tatu, wala hakuna aliyeuliza zilikokwenda. Blanketi lilipitishwa mkia kwanza, likafuata daftari la mtoto mkubwa ili baba yake amsahihishie hesabu. Usiku Sindano alijinyoosha kwenye kiti cha nyuma, magoti yamekunjwa. Alimwambia mkewe kwamba kinachomchosha si kukaa, ni kuijua kila pembe ya mahali unapokaa.

Jioni ya kuamkia ukaguzi, mkewe aliweka mdomo kwenye upenyo.

"Kesho watakuuliza, kwa sababu wewe ndiye shahidi wa ndani. Wewe sema maneno manne tu: hii ni gari tu. Usiongeze, usipunguze."

"Hii ni gari tu," Sindano alisema.

"Tena."

"Hii ni gari tu, mama watoto. Nimeelewa."

Asubuhi meza ililetwa uani. Wakakaa mkaguzi, meneja, na karani wa kuandika kumbukumbu. Mkaguzi alikuwa mtu wa haki, hilo lazima lisemwe. Hakupokea hata soda. Alifungua kitabu chake cha vigezo, ambavyo vilikuwa saba, akasoma kwamba supa huwa chini, paa lake lisipite kiuno cha mtu mzima. Akasimama kando ya gari. Paa lilimfika kifuani.

Gari likashuka. Lilitoa pumzi ndefu, likakaa, na paa likaja likasimama sawasawa na mkanda wa suruali ya mkaguzi. Ndani, Sindano aliinamisha kichwa, halafu mabega.

"Limefika," mkaguzi alisema, na karani akatia alama.

Kigezo cha pili kilisema supa ni ya watu wawili. Kiti cha nyuma kikajikunja na kumezwa na bodi, pamoja na blanketi na daftari la hesabu.

"Mheshimiwa," mke wa Sindano alisema, "lilikuwa na kiti cha nyuma. Wote tumekiona."

"Lilikuwa nacho, mama. Mimi nakagua kilichopo."

Ilipofika zamu ya injini, ambayo katika supa hukaa mgongoni mwa dereva, injini ilihama kutoka mbele ikaenda nyuma. Njia haikuwa pana. Sindano alijibana mlangoni ili ipite, ikapita, moto, ikamwachia alama ya mafuta kwenye shati. Kigezo cha kasi kilihitaji kilomita mia tatu na ishirini kwa saa. Hakukuwa na barabara pale uani, kwa hiyo gari lilikimbia papo hapo. Magurudumu yalitulia, mshale wa dashibodi ukapanda mpaka mia tatu na ishirini ukakaa, na kila kilichokuwa ndani kikaenda mwendo huo. Ndevu za Sindano ziliota, zikafika kifuani, zikawa na mvi, zikawa nyeupe. Mshale uliporudi sifuri, mtu aliyeingia akiwa na miaka thelathini na minane alikuwa na sabini hivi, na mikono yake ilitetemeka.

Mkewe aliona. Alihisi hasira, na chini ya hasira hofu, kwa kuwa yeye alikuwa bado na miaka thelathini na minne na watoto walikuwa bado shule ya msingi. Alisogea mpaka mahali ambapo mumewe angeweza kuiona midomo yake.

Viwili vilivyofuata havikuchukua muda. Supa lazima igeuze shingo za watu, na barabarani shingo zikageuka, hata ya mwendesha baiskeli mmoja aliyeingia mtaroni na kuendelea kutazama akiwa humo humo. Supa lazima iwe adimu. Magari mengine mawili ya aina ile ile yaliyokuwa yameegeshwa nyuma ya duka yalipotazamwa tena yalikuwa mikokoteni, na meneja akamwagiza fundi bodi ayatumie kubebea mchanga.

Kikabaki kigezo cha saba. Kilitaka mtu mmoja anayelifahamu gari kwa ndani aseme, kwa hiari yake, ni kitu gani.

"Fundi," mkaguzi aliita, akapiga magoti ili afikie dirisha. "Umekaa humo karibu mwezi. Tuambie bila upendeleo. Ni nini hiki?"

Sindano aligeuza macho, maana shingo haikuwa na pa kugeukia. Alimwona mkewe akichezesha midomo: hii, ni, gari, tu. Maneno yenyewe alikuwa nayo mdomoni. Lakini alikuwa fundi, miaka ishirini ameshona viti vya malori, vya teksi, vya magari ya maiti, na katika yote hayo mtu huingia, akafika anakokwenda, akashuka. Hata maiti hushushwa. Sasa anaambiwa akiite gari kitu kilichomla miaka thelathini akiwa amesimamishiwa hapo hapo uani! Maneno ya mkewe yakampotea.

"Hii si gari!" alifoka. "Nasema hii si gari!"

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Meneja alipiga makofi, na fundi bodi naye akapiga, kwa sababu hakuna gereji wala kijiwe ambako sifa ya juu kuliko hiyo imewahi kutamkwa. Watu huisema wakitikisa kichwa, mkono juu ya boneti: hii si gari, bwana.

"Mmemsikia?" meneja alisema. "Na huyu si mtu wa kutia chumvi."

"Itaniua hii!" Sindano alilia.

"Hata mimi," meneja alijibu, macho yakimng'aa. "Kila nikiitazama inaniua."

Mke wa Sindano alijishika kichwa. Karani, ambaye alikuwa amesoma, alisahihisha ngeli akaandika kwenye kumbukumbu: Hili si gari. Mkaguzi akapiga muhuri, akaaga kila mtu kwa mkono.

Mwanamke hakukata tamaa. Aliomba ruhusa ya siku moja kazini, akaenda ofisi ya usalama wa magari, ambako kwenye ukuta wa mapokezi palibandikwa kanuni, na ya sita ilisema kila gari liwe na mlango unaofunguka kwa ndani. Aliisoma mara tatu. Ofisa alimpokea vizuri, akampa kiti, akazisoma kumbukumbu kwa makini kutoka mwanzo.

"Tatizo liko hapa," ofisa alisema, akamwonyesha kwa kidole. "Mumeo mwenyewe ametoa ushahidi kwamba si gari. Na sisi kanuni zetu ni za magari."

"Alisema kwa hasira."

"Hasira haikuandikwa, mama."

"Haya, kama si gari, ni nini?"

"Ni supa."

"Na supa ina kanuni gani?"

Ofisa alivuta droo moja, akavuta nyingine, akazifunga.

"Supa haina kanuni," alisema kwa huruma. "Ina vigezo."

Mteja aliyeliagiza gari alikuja wiki hiyo. Alilizunguka mara tatu, hakuomba lifunguliwe. Alisema supa ya kweli haiendeshwi, inatazamwa, akaagiza libaki pale pale dukani, mbele, kwenye kioo, lifutwe vumbi asubuhi na jioni. Meneja alimpa kazi hiyo mke wa Sindano, akijua hatakataa. Akaacha mashuka ya hospitali, akaanza kufuta gari. Upenyo wa dirisha ulikuwa umebaki kidole kimoja. Alikuwa akipitisha humo karatasi walizochora watoto, na yule mzee aliyekuwa mumewe akizishika karibu na macho. Walizungumza mambo ya nyumbani. Bomba la jikoni lilivuja, akamweleza jinsi ya kulifunga uzi, akalifunga.

Watu walikuja kwa wingi kutazama. Walipenda rangi, walipenda mngurumo, lakini kilichowafanya wasimame ni uso uliokuwa ndani. Mwenye supa nyingine aliyoinunua mbali alikuja, akatazama, akarudi nyumbani akaona yake ina upungufu. Akaandika malalamiko. Mkaguzi, kwa vile alikuwa mtu wa haki, aliyachunguza, akaona yana msingi, akaongeza kigezo cha nane: fundi wake awe ndani.

Ndiyo maana gari la manjano liliposhushwa dukani miezi miwili baadaye, mkaguzi alilipima, akatikisa kichwa, akaandika kwamba hilo ni gari tu. Meneja hakubishana. Alibandika tangazo getini kwamba anahitajika fundi viti, mwembamba. Kesho yake walikuja watatu na mikoba yao ya vifaa, akachagua mmoja, akamfungulia mlango wa gari la manjano.

Mke wa Sindano aliacha kufuta kioo, akamkimbilia na kitambaa kikiwa bado kinadondosha maji.

"Kaka yangu, usiingie humo. Mume wangu ndiye yule pale."

Fundi alimtazama mzee aliyekuwa ndani ya gari jekundu, akamwamkia shikamoo. Sindano aliitikia marahaba kupitia upenyo, kisha akasema, kwa sauti yake ndogo, kwamba asiingie.

"Nimesikia, mzee," fundi alisema. "Nimesikia, dada. Hata getini walinieleza." Alitazama chini kidogo. "Lakini nimezunguka mji mzima. Kwingine kote siku hizi hawashoni viti."

Alitoa simu mfukoni, isije ikamsumbua wakati anapima, akamwomba mwanamke amshikie. Akaingia kwa uangalifu, akainama chini ya kiti na futi yake, na mlango ukashuka taratibu, ukakaa mahali pake.

Mwanamke alibaki amesimama katikati ya magari mawili. Haikupita dakika tano simu ikaanza kulia mkononi mwake, na juu yake paliandikwa "Nyumbani". Aliiacha ilie mara tatu akitafuta maneno. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akapokea.